Kusini Kulifanywa Mbali

Nchi huwa moja kwa bendera, kwa sheria na kwa wimbo wake, na raia wote huhesabiwa sawa mbele ya hakimu na mbele ya sanduku la kura. Lakini nchi hiyo hiyo, ikipimwa kwa chakula kilichomo nyumbani, kwa urefu wa safari ya mama mjamzito kwenda hospitali, na kwa ujira anaoupata mkulima kwa jasho lake, aghalabu huonekana kuwa ni nchi mbili au tatu zilizokaa chini ya jina moja. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya uliofanywa Tanzania Bara mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba katika kila watu 100, watu 26 waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya lazima; lakini wastani huo ulifunika tofauti kubwa, kwani katika Dar es Salaam maskini walikuwa 8 katika 100, ilhali mkoani Rukwa walikuwa 45. Watoto wawili waliozaliwa siku moja chini ya katiba moja, mmoja Ilala jijini Dar es Salaam na mwingine Sumbawanga mkoani Rukwa, huanza maisha wakiwa wametenganishwa na jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitenda.

Jawabu linalosikika upesi, barazani na ndani ya mabasi, ni kwamba mikoa maskini ina udongo dhaifu, au mvua haba, au, na hili ndilo jawabu baya kuliko yote, kwamba watu wake ni wavivu wapendao ngoma kuliko jembe. Katika Tanzania ni vigumu kupata watu waliochoshwa na maneno ya namna hiyo kuliko watu wa Kusini, yaani wenyeji wa mikoa ya Lindi na Mtwara, kuanzia ng'ambo ya mto Rufiji mpaka ukingo wa Ruvuma. Nimewachagua wao katika makala haya, si kwa kuwa ndio maskini kuliko wote, maana Rukwa, Kigoma na Simiyu nako kuna vilio vyake, bali kwa kuwa tarehe yao imeandikwa wazi, nayo yatuonyesha hatua kwa hatua jinsi umaskini wa mkoa unavyotengenezwa. Dai langu ni moja: Kusini hakukuumbwa mbali, kulifanywa mbali kwa maamuzi ya watu, na yaliyoamuliwa na watu yaweza kutenguliwa na watu.

Anayedhani kwamba ufukara wa pwani hiyo ni wa asili na aende Kilwa Kisiwani. Msafiri Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331 aliuhesabu mji huo miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, dhahabu ya Sofala ilipita katika mikono ya wafanyabiashara wake, na juu ya jabali linaloitazama bahari likajengwa jumba la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake pamoja na yale ya Msikiti Mkuu yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Wakati Kilwa inapokea vyombo vya Bara Arabu na Bara Hindi, mahali ilipo Dar es Salaam leo hapakuwa na mji wa kutajwa. Mzizima ilikuwa ingali kijiji cha wavuvi hata Sayyid Majid alipoanza kujenga hapo katika miaka ya 1860. Udongo wa Kusini haukubadilika tangu siku hizo, bahari ni ile ile, na kaskazi na kusi bado huvuma kwa majira yao. Basi kilichogeuka si maumbile.

Mageuko hayo yalianza kwa mabavu. Wareno waliuteka mji mwaka 1505, na biashara ya dhahabu iliyoukuza ikavurugika. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje, iliyoko upande wa bara, ikawa bandari kubwa ya biashara ya watumwa walioletwa kwa misafara kutoka pande za ziwa Nyasa; na biashara hiyo, iliyowatajirisha wachache, iliikomba nchi ya nyuma yake nguvu za vijana na kuwatia hofu waliobaki. Kisha wakaja Wajerumani na amri yao ya kulima pamba. Julai 1905 Wamatumbi waliing'oa pamba hiyo, na vita vya Majimaji vikaenea kusini yote. Vita hivyo, vilivyodumu mpaka mwaka 1907, vilizimwa kwa bunduki na kwa njaa pia, kwani majeshi ya dola yaliteketeza maghala na mashamba kwa makusudi. Makadirio ya wanahistoria juu ya waliokufa yanatofautiana, lakini hata yaliyo madogo ni ya makumi elfu, na yaliyo makubwa hufikia watu 300,000. Mahali palipokuwa na vijiji pakaota msitu, mbung'o na wanyama wakaenea, na serikali za kikoloni, badala ya kuwarudisha watu, zikaigeuza ardhi hiyo kuwa hifadhi. Selous, ambayo katika miaka ya 1940 ilipanuliwa hata wakazi wa pande za Liwale wakahamishwa, ikawa ukuta mpana kati ya Kusini na nchi nyingine.

Sasa tufikie jambo lililoamua mengi kuliko yote, nalo ni reli. Wajerumani walianza kuijenga reli ya Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911; reli ya kati, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kusini hakukupata reli kuu. Msomaji asidhani kwamba reli ni chombo cha kusafiria tu. Palipopita reli, kahawa ya mlima Kilimanjaro iliweza kufika melini kwa gharama ndogo. Kwa sababu hiyo mkulima alilipwa bei ya kumtia moyo. Kwa kulipwa, aliweza kujiunga na wenzake katika ushirika, kama Wachagga walivyounda chama chao kikuu cha KNCU mwaka 1933. Kwa kuwa na ushirika, walijenga shule. Na kwa kuwa na shule, walitoa makarani, walimu na mahakimu, ambao baadaye walikaa katika afisi ambamo huamuliwa barabara ipite wapi. Kila jema lilizaa jema la pili. Upande wa pili wa nchi bidhaa iliyosafirishwa ilikuwa ni watu wenyewe: vijana wa Kusini waliandikishwa wakaenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, wakaijenga neema ya mahali pengine kwa mishahara iliyowatosha kodi na kanga ya kumpelekea mama.

Wala si kweli kwamba Kusini hakukuwa na shule. Wamisionari wa Kiingereza walifika Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini wakaweka misheni mashuhuri huko Ndanda. Benjamin Mkapa, rais wa tatu wa Tanzania, alizaliwa karibu na Masasi na akasoma Ndanda. Lakini kijana aliyehitimu huko alikuta hapana kiwanda, hapana kampuni wala afisi kubwa ya kumwajiri, basi akafunga mzigo akaondoka, na elimu yake ikawa faida ya mji mwingine. Mchumi wa Sweden, Gunnar Myrdal, katika miaka ya 1950 aliieleza hali hii kwa namna ambayo wahenga wetu wangeitambua mara moja. Alisema kwamba tofauti baina ya sehemu za nchi, zikiachiwa soko peke yake, hazielekei kujisawazisha, huzidi. Mtaji, vipaji na biashara huvutwa mahali ambapo tayari pana mtaji, vipaji na biashara, na kuondoka kwao huzidi kupadhoofisha walipotoka. Maji hufuata mkondo. Na mkondo wa uchumi huchimbwa na waamuzi wa kwanza, kisha huendelea kuchimbika wenyewe kwa nguvu ya yale yanayopita ndani yake.

Mara moja Waingereza walijaribu kuchimba mkondo mpya, na jaribio hilo lafaa kukumbukwa kwa kuwa makosa yake hayajatuacha. Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilikuwa na dhiki ya mafuta ya kupikia, na serikali yake ikaazimia kulima karanga katika Tanganyika kwenye eneo la mamilioni ya ekari, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilianza kujengwa bandari ya kina kirefu hapo Mtwara, na reli ya kuiunganisha na mashamba. Waliotunga mradi hawakupima mvua ya Kongwa kwa uangalifu, hawakujua kwamba udongo wake hugeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na hawakumwuliza mkulima wa nchi hiyo, ambaye angewaeleza yote mawili bila malipo. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kupoteza karibu pauni milioni 36. Karanga ziliposhindwa, reli ya Kusini ilikosa shehena. Na kwa kuwa ilipimwa kwa hesabu ya faida ya mwaka hadi mwaka tu, ilifungwa na vyuma vyake vikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati ule ule taifa huru lilipokuwa linahitaji njia. Bandari ya Mtwara ilibaki, nzuri na yenye kina, lakini haina nchi nyuma yake iliyoweza kuifikia.

Uhuru ulileta nia njema, na insafu yatutaka tuiseme. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya waziwazi juu ya hatari ya mijini kuwanyonya wakulima. Mpango wa Pili wa Maendeleo, ulioanza mwaka 1969, uliichagua miji tisa, Mtwara ikiwa mmoja wao, ili viwanda visirundikane Dar es Salaam. Nafasi za shule za sekondari ziligawanywa kwa mikoa, ili mtoto wa Newala asishindanishwe bila huruma na mtoto wa Marangu ambaye babu yake alikwisha soma. Fauka ya hayo, tangu katikati ya miaka ya 1970, serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, hata mkulima wa Songea au Sumbawanga akalipwa sawa na mkulima aliye karibu na soko la Dar es Salaam, gharama ya mwendo ikibebwa na Hazina. Mikoa ya Ruvuma, Rukwa, Mbeya na Iringa iliitikia kwa nguvu za ajabu, ikawa ghala la taifa. Ni kweli kwamba utaratibu huo ulililemea kwa madeni Shirika la Usagishaji la Taifa, na mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 yaliuondoa, na baadaye yakaondoa ruzuku ya mbolea; lakini ulikwisha kuthibitisha jambo kubwa, kwamba mkulima wa mbali, akiondolewa adhabu ya umbali, si mvivu hata kidogo.

Mtwara na Lindi hazikubahatika hivyo. Tangu mwaka 1964 mpaka 1974 ng'ambo ya Ruvuma kulipiganwa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Wapiganaji wa FRELIMO walipata mafunzo Nachingwea, wakimbizi wakavuka mto, na wenyeji wakaishi katika nchi ya mpakani yenye mabomu na mashaka. Baada ya miaka michache Msumbiji ikaingia tena vitani, vya wenyewe kwa wenyewe, mpaka mwaka 1992. Kusini ililipa sehemu kubwa ya gharama ya uhuru wa jirani, na deni hilo ni la Watanzania wote, ingawa halijaandikwa katika daftari lolote la serikali.

Tusimame sasa penye korosho, maana ndiyo roho ya uchumi wa Kusini, na ndani yake mna somo lote. Mti huu uliletwa na Wareno kutoka Brazil, ukapenda mchanga wa pwani yetu, na wakulima wadogo wakaueneza bila kulazimishwa na mtu. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa dunia. Kisha watu walihamishwa kuingia vijiji vya ujamaa, na wengi wakajikuta wako mbali na mikorosho yao. Bei ya mkulima ikashuka ilhali gharama za mashirika zikipanda. Na ugonjwa wa ubwiriunga, unaoyafunika maua kwa unga mweupe, ukashambulia miti iliyokosa mtunzaji. Ilipofika msimu wa 1986/87 mavuno hayakuzidi sana tani 16,000. Na katika kipindi hicho hicho, kwa mikopo ya nje, vilijengwa viwanda 12 vya kubangulia korosho, vingine vikikamilika wakati korosho za kuvijaza hazipo tena. Viwanda hivyo vikasimama, vikauzwa kwa watu binafsi, na baadhi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazongoja meli.

Wakulima walijifufua. Watafiti wa kituo cha Naliendele, karibu na Mtwara mjini, waliwafundisha kupulizia salfa na kupanda miche bora; biashara ikafunguliwa katika miaka ya 1990; na mwaka 2007 ukaanza mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi, zikapimwa na kuwekwa ghalani, kisha zikauzwa kwa mnada. Mfumo huo ulikusudiwa kuua biashara ya kangomba, yaani mlanguzi kuzinunua korosho za mwenye njaa kwa bei ya kutupwa kabla ya msimu. Una kasoro zake, kama makato mengi na malipo ya kuchelewa, lakini umempa mkulima sauti katika bei, na msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000.

Hata hivyo sehemu iliyo kubwa ya korosho hizo huondoka zikiwa na maganda yake. Hupakiwa magunia, huvuka bahari mpaka India na Vietnam, hubanguliwa huko na mikono ya wanawake wa huko, hukaangwa, hutiwa chumvi, hufungwa vizuri, na thamani yake huzidi mara nyingi kabla ya kumfikia mlaji wa Ulaya. Kazi ya kubangua, ambayo ingewapa maelfu ya akina mama wa Newala, Tandahimba na Lindi mshahara wa kila mwezi, husafirishwa pamoja na korosho. Kadhalika ushuru unaotozwa korosho ghafi zinazotoka nchini nao uliondoka: kwa sheria ya awali asilimia 65 yake ilikwenda katika mfuko wa kuliendeleza zao lenyewe, mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, fedha yote ikaelekezwa katika Mfuko Mkuu wa Hazina, na wabunge wa Kusini wakapinga kwa uchungu ndani ya Bunge. Mwaka huo huo wanunuzi waliposhusha bei, serikali iliamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulikabidhi jeshi kazi ya kuzisomba. Nia ilikuwa ni kumkinga mkulima. Lakini wengi walingoja malipo kwa muda mrefu, na jambo lililojulikana na kila mtu likadhihirika tena, kwamba uamuzi juu ya riziki ya kijiji hufanywa mbali na kijiji, na kila uamuzi wa namna hiyo, hata ulio mwema, huweza kubadilishwa bila mwenye shamba kuulizwa.

Barabara nayo ina hadithi yake. Kwa miaka mingi safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi ilitegemea pantoni ya mto Rufiji, na masika yakiingia barabara ya udongo mweusi ilifungika. Mabasi yakakwama, wagonjwa wakakwama, bei ya sukari na mafuta ya taa ikapanda, na aliyekuwa na haja ya lazima alipanda meli au aliahirisha haja yake. Daraja linaloitwa kwa jina la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003, zaidi ya miaka 40 baada ya uhuru, na kipande kibaya cha kutoka Ndundu kwenda Somanga kiliendelea kuwatesa wasafiri miaka mingi baadaye kabla ya kutiwa lami. Mwaka 2010 likafunguliwa Daraja la Umoja juu ya Ruvuma. Safari iliyokuwa ya siku kadhaa ikawa ya siku moja. Hayo ni maendeleo ya kweli, na anayeyabeza hakupata kulala garini katika tope la Rufiji.

Barabara ilipofunguka ndipo gesi ikawa jambo kubwa. Gesi ya Songo Songo, kisiwa kilichomo katika wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo, ikipitia bombani, ilianza kuzalisha umeme wa Dar es Salaam, wakati ambapo Lindi na Mtwara zenyewe hazikuwa zimeunganishwa na gridi ya taifa. Kisha ikatangazwa kwamba gesi ya Mtwara nayo itavutwa kwa bomba refu mpaka Dar es Salaam. Watu wa Mtwara, waliokwisha ahidiwa mengi, walijaa barabarani mwishoni mwa mwaka 2012; Januari 2013 pakawa na ghasia; na Mei mwaka huo, baada ya bajeti ya nishati kusomwa Bungeni, zikazuka ghasia kubwa zaidi, majengo yakachomwa, jeshi likaingia mitaani, na roho za watu zikapotea. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015.

Wapo waliosema kwamba watu hao walitaka kulivunja taifa, eti kwa kuidai gesi iwe mali ya mkoa. Mimi sikubali. Maliasili ni ya taifa zima, na lau kila mkoa ungeshika chake, dhahabu ya Geita isingemfaa mtu wa Singida wala kahawa ya Kagera mtu wa Pemba. Lakini watu wa Mtwara hawakuwa wanaikataa hisa ya wenzao. Walikuwa wanauliza, je, katika safari hii nayo, kitakachobaki kwetu ni nini? Waliona korosho zinaondoka na maganda yake, waliona vijana wao wanaondoka na vyeti vyao, na sasa wakaona gesi inaondoka chini ya ardhi, kabla haijawasha kiwanda hata kimoja machoni pao. Anayeijua tarehe niliyoieleza hawezi kulistaajabia swali lao. Baadaye kiwanda kikubwa cha saruji kilijengwa Mtwara, na bandari ikaongezewa gati. Ishara hizo ni njema, nazo zinaonyesha kwamba lililoombwa halikuwa muhali.

Jirani zetu wa Kenya walilipitia jambo hili kwa njia nyingine. Waraka wao wa serikali namba 10 wa mwaka 1965 ulieleza bila kuficha kwamba fedha ya maendeleo ipelekwe mahali ambapo itazaa zaidi, penye ardhi nzuri, mvua na barabara, kwa tumaini kwamba faida yake itakuja kuenea kote. Karibu nusu karne baadaye Turkana, Wajir na Mandera zilikuwa zingali zinaingoja faida hiyo. Kwa hiyo katiba ya mwaka 2010 iliamuru kwamba kaunti 47 zipate kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na juu yake ukawekwa Mfuko wa Usawazishaji wa nusu ya asilimia, kwa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Utekelezaji wa mfuko huo umecheleweshwa na mabishano ya mahakamani, na kaunti nazo hazikosi wabadhirifu. Lakini kanuni yenyewe ni ya adili, kwamba aliyenyimwa kwa muda mrefu hasawazishwi kwa kupewa sawa na wengine kuanzia leo, bali sharti apewe zaidi mpaka afidie alichokosa.

Wachumi wengine watasema kwamba kupeleka fedha Liwale ilhali Dar es Salaam ina msongamano na kiu ya maji ni kupoteza, kwa kuwa shilingi moja huzaa zaidi penye watu wengi. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kudharauliwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 5.4 katika Dar es Salaam, na milioni 1.2 tu katika mkoa mpana wa Lindi. Lakini yatupasa tukumbuke mambo mawili. La kwanza, msongamano wenyewe wa Dar es Salaam ni zao la kutopatikana kwa riziki kwingine. Kijana anayeuza soksi Kariakoo angebaki Tandahimba kama kungekuwa na kiwanda cha kumlipa. La pili, shilingi huzaa zaidi mjini kwa sababu mji ulikwisha wekewa bandari, reli, umeme na vyuo kwa fedha ya umma, na fedha hiyo ilitoka pia katika korosho za Kusini. Tukiamua kwa faida ya leo peke yake, tutakuwa kama waliong'oa reli ya Nachingwea, waliohesabu sawasawa shehena ya mwaka ule na kuukosea wakati uliokuja.

Basi lifanyike nini? Kwanza, thamani ibaki nyumbani: korosho zibanguliwe Kusini, kwa mikopo nafuu kwa vikundi vya akina mama na vyama vya msingi, na kwa sera ya ushuru isiyobadilika kila bajeti, kwa maana mwenye mtaji hawezi kujenga kiwanda juu ya sheria asiyojua kama itaishi mwaka. Pili, mgawo wa Hazina kwa halmashauri ufuate kipimo cha uhitaji, utangazwe wazi mpaka vijijini, na mkazi wa Nanyumbu aweze kuusoma na kuuliza. Tatu, vyuo vya ufundi na vya juu viwekwe mahali penye mali, ili fundi wa mitambo ya gesi awe mtoto wa Kilwa au wa Mtwara, asiwe mgeni anayeletwa kwa ndege. Nne, na hili ndilo linaloyashika mengine yote, wenyeji waulizwe kabla ya uamuzi na si baada yake. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Na tarehe yote ya Kusini, tangu pamba ya Mjerumani, karanga za Mwingereza, viwanda visivyo na korosho, mpaka bomba la gesi, ni tarehe ya mambo makubwa yaliyoamuliwa wenyewe wasipokuwapo.

Ewe msomaji, popote ukaapo, ukimsikia mtu akisema kwamba watu wa mkoa fulani ni maskini kwa sababu ya tabia zao, mwulize reli yao iko wapi, mazao yao yanasindikwa wapi, na nani aliketi katika baraza lililoamua. Na kama wewe ndiye uliyeketi katika baraza hilo, kwa kura au kwa uteuzi, iweke fedha ya mwaka huu mahali ambapo miaka yote iliyopita haikufika, kwa kuwa umoja wa nchi hauwezi kudumu kwa wimbo peke yake. Hudumu kwa kila raia kuuona mkono wa nchi yake ukimfikia pale alipozaliwa.